Chipsi Moto, Mfuko Gani? Hesabu ya Vifungashio Busia na Tororo

Ukiwa na shilingi 500 za Kenya, yaani kama 14,000 za Uganda, za kununulia vyombo na vifungashio vya chakula wiki hii, ziweke kwenye chakula cha moto, chenye mafuta au kichachu. Unga, mchele, mtama na maharage makavu viache kwenye mifuko yake. Pesa yako haitoshi kubadilisha kila kitu jikoni au kibandani, na wala huna haja ya kubadilisha kila kitu.

Kemikali huhama kutoka kwenye kifungashio kwenda kwenye chakula kwa msaada wa mambo manne: joto, mafuta, asidi na muda. Kilo mbili za mtama mkavu zikikaa mwezi mzima kwenye plastiki zinachukua kidogo sana. Chipsi zilizotolewa sasa hivi kwenye karai la mafuta ya nyuzi 170 au 180 zina joto na mafuta kwa pamoja. Achari ya ndimu iliyokaa miezi kwenye kopo kuukuu ina asidi na muda. Kwa hiyo dukani usianze kwa kuuliza kama ununue plastiki au karatasi. Jiulize kwanza utaweka nini ndani, kikiwa moto kiasi gani, na kitakaa humo muda gani.

Tuanze na kaveera, ule mfuko mwepesi wa plastiki, kwa kuwa ndiyo inayoonekana rahisi kuliko vyote. Upande wa Uganda, kuanzia soko la Busia hadi vibanda vya Malaba na Tororo, unaipata bure. Muuzaji anakutilia maharage, supu, hata chai ya moto humo. Lakini plastiki hiyo nyepesi inalegea joto likikaribia nyuzi 100, na kuyeyuka kwenye 110 hivi. Supu inayotokota inaifikisha ukingoni, na mafuta ya chipsi yanaupita ukingo wenyewe kwa mbali. Nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Mara nyingi imetengenezwa kwa plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya, na rangi hiyo inaficha mchanganyiko wowote. Nyama mbichi ikisafiri humo nusu saa hadi nyumbani, usikose usingizi. Mchuzi wa moto humo, kataa.

Bei halisi ya kaveera utaikuta kwenye geti la mpakani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyowekwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Uganda ilikataza mifuko ya unene chini ya maikroni 30 tangu 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia katazo hilo, ingawa sokoni bado unaiona kila meza. Vifungashio vya kiwandani, kama mfuko wa mkate au wa sukari, Kenya iliviacha kwa sababu bidhaa hufungwa humo palepale inapotengenezwa. Karanga ulizojifungia mwenyewe kibandani haziingii kwenye msamaha huo. Mfanyabiashara mdogo anayevuka kila siku na bakuli la karanga zilizofungwa kwa kaveera anabeba hatari kubwa kuliko mtaji wake wote, kwa kuokoa shilingi moja.

Gazeti nalo ni la bure, na nalo silikubali. Wino wa magazeti hutengenezwa kwa mafuta yatokanayo na petroli. Mafuta hayo hayaishi kabisa kwenye karatasi hata wino ukionekana umekauka, na chakula chenye mafuta huyavuta. Sambusa, mandazi, nyama choma, rolex ya chapati na mayai: vyote vina mafuta na vyote hufungwa vikiwa moto. Mamlaka ya chakula ya India ilitoa onyo rasmi kuhusu kufunga chakula kwa magazeti mwaka 2016, na sababu zake zinahusu kibanda cha Busia vilevile. Karatasi za daftari na za mitihani ya zamani haziko mbali na hapo, maana nazo zina wino, pamoja na uchafu wa mikono iliyozishika. Kuweka karatasi nyeupe ya ndani kunapunguza tatizo. Hakuliondoi.

Karatasi ya khaki mpya, isiyochapwa upande wa ndani, ndiyo chaguo langu kwa chipsi, mandazi na chapati zitakazoliwa ndani ya nusu saa. Ni nafuu, inapatikana pande zote mbili za mpaka, na haigombani na askari yeyote. Kasoro yake ni kwamba mafuta huilowesha na msimu wa mvua huilegeza hata kabla ya kutumika, hivyo usinunue ya miezi mitatu kwa mkupuo ukidanganywa na bei ya jumla. Angalia pia rangi. Khaki ya mti mpya ina rangi moja ya hudhurungi. Ile ya kijivujivu yenye chembechembe za rangi ni karatasi kuukuu zilizosagwa upya, magazeti yakiwemo. Maabara ya serikali ya jimbo la Zurich, Uswisi, ilionyesha karibu na mwaka 2010 kwamba mafuta ya wino yaliyobaki kwenye maboksi ya karatasi za kurudiwa huhamia hata kwenye vyakula vikavu kama mchele na tambi.

Kuna karatasi nyingine inayouzwa ghali zaidi kwa sifa moja: haipitishi mafuta hata tone. Muulize muuzaji imepakwa nini. Kwa miaka mingi karatasi za aina hiyo zilipakwa kemikali za jamii ya florini ambazo hazivunjiki mwilini wala ardhini. Denimaki ilizizuia kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya Marekani ikatangaza kwamba hazitauzwa tena huko kwa kazi hiyo. Bidhaa inayokosa soko kwingine hutafuta soko kwetu. Kama muuzaji hana jibu, nunua khaki ya kawaida na uokoe tofauti.

Vibakuli vyeupe vya povu sivipendekezi kwa chakula cha moto. Plastiki yake hulegea karibu na nyuzi 100, na kiungo chake kikuu, stairini, huhamia kwenye chakula cha moto chenye mafuta. Havirudiwi, havikunjiki, na kimoja kikivunjika safarini umelipa viwili.

Foili inafaa kwa kilicho kikavu au chenye mafuta: chipsi, kuku, samaki wa kukaanga kutoka Port Victoria. Haifai kwa chenye nyanya nyingi, ndimu au ukwaju kitakacholala humo usiku kucha, kwa sababu asidi na chumvi hung'oa alumini yenyewe. Ukiona foili ya jana ina vitundu vidogo chini ya mchuzi, vilivyotoka hapo vimo kwenye mchuzi.

Sasa hesabu, na weka bei za duka lako mahali pa zangu. Tuseme unauza sahani 60 za kubeba kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Khaki ya shilingi 2 inakula 120 kwa siku, sawa na 3,120 kwa mwezi. Bakuli la foili la shilingi 12 linakula 720 kwa siku, sawa na 18,720 kwa mwezi. Tofauti ni 15,600, na hiyo ni kodi ya kibanda. Lakini si kila mteja anahitaji foili. Ukiiweka kwa oda 10 zinazosafiri mbali kwa bodaboda, na khaki kwa zile 50 zinazoliwa hapo karibu, unatumia 220 kwa siku, au 5,720 kwa mwezi. Kwa mchuzi, mpunguzie shilingi 10 mteja anayekuja na chombo chake. Umempa punguzo analoliona, na bado uko mbele shilingi 2 kuliko kumpa foili.

Gharama zilizojificha kwenye duka la jumla ni za aina mbili, na zote hukamatwa kwa kuhesabu. Ya kwanza ni vifuniko. Bei uliyotajiwa ni ya bakuli tupu, kifuniko kina bei yake. Ya pili ni idadi. Pakiti iliyoandikwa 100 ifungue uhesabu mbele ya muuzaji angalau mara ya kwanza. Na ukinunua ng'ambo kwa sarafu ya jirani, hesabu mwenyewe. Shilingi moja ya Kenya ikiwa 28 za Uganda, elfu moja ya Uganda ni kama 36 za Kenya. Muuzaji akiikadiria kuwa 40 kwa kurahisisha, umeongeza asilimia 12 kwenye kila pakiti bila kujua. Chenji kwanza kwa mchenjaji unayemjua, halafu lipa kwa sarafu ya dukani.

Nyumbani, jambo la kwanza la kuacha halina gharama. Wengi hufunika matoke, wali au viazi kwa kaveera ili mvuke usitoroke. Hapo plastiki inakaa kwenye mvuke wa nyuzi 100 kwa saa nzima au zaidi, na matone yake yanarudi chunguni. Jani la mgomba linafanya kazi hiyohiyo, ndivyo luwombo inavyopikwa tangu zamani, na sokoni mafungu ya majani hayo yanauzwa kwa bei ya chini kabisa kama huna mgomba uani. Sijaona sababu moja ya kuitetea kaveera hapa.

Shule zikifunguliwa, maswali ya bakuli la chakula cha mtoto huja yote siku moja. Tuseme bakuli la plastiki ni shilingi 150 na hupasuka au kupotea kifuniko kila muhula. Kwa miaka mitatu ya mihula mitatu, umenunua mabakuli 9, shilingi 1,350. La chuma kisichoshika kutu la shilingi 700 linamaliza miaka hiyo likiwa limebonyea tu. Kama 700 haipo leo, nunua la plastiki ngumu lenye namba 5 chini yake, linalostahimili joto kuliko ndugu zake, na uache chakula kipoe kidogo kabla ya kukitia.

Hizo namba zilizo ndani ya pembetatu zimewapotosha wanunuzi wengi, na wauzaji wanajua. Namba inakuambia aina ya plastiki tu. 1 ni ile ya chupa za maji na soda, 2 ni ya jerikeni na galoni ngumu, 3 ni ile iitwayo pivisi, 4 ni ya mifuko laini, 5 nimeitaja, 6 ni ya vibakuli vya povu, 7 ni mchanganyiko wa mengineyo. Haisemi kama rangi iliyotiwa inafaa kwa chakula, wala kama plastiki ni mpya. Alama ya glasi na uma ndiyo inayodai kwamba chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula, lakini nayo ni rahisi kugongwa na yeyote mwenye ukalibu. Ichukue kama mwanzo wa maswali.

Sahani na vikombe vya melamini hupendwa kwa sababu havivunjiki. Kwa ugali uliopoa, matunda au keki, sawa. Kwa chai ya moto, uji au mchuzi unaotokota, hapana. Taasisi ya Ujerumani inayochunguza usalama wa vyakula inashauri visitumike kwa joto linalozidi nyuzi 70, kwa kuwa hutoa melamini na fomaldehaidi. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliweka ukaguzi maalumu kwa vyombo vya aina hiyo kutoka China. Kikombe cha bati lenye enameli au cha chuma kinagharimu karibu sawa na hakina swali hilo, alimradi enameli haijabanduka ndani.

Kwa mtoto mchanga niko wazi zaidi. Chupa ngumu inayong'aa yenye namba 7 usiinunue, hata kama ni ya kupewa. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa plastiki yenye bisfenoli A, iliyoondolewa kwenye chupa za watoto Ulaya mwaka 2011, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha katazo la kuiondoa kwenye vifungashio vya chakula kwa ujumla. Chupa ya namba 5 ni bora, ila usichanganye maziwa ya unga na maji ya moto ndani yake. Changanya kwenye kikombe cha chuma au glasi, yapoe, ndipo umimine. Na mama ambaye hana pesa ya chupa asione amepungukiwa. Kikombe kidogo cha chuma kinamlisha mtoto vizuri, kinaoshwa kwa urahisi kuliko chupa na chuchu yake, na hakitoi kitu.

Jerikeni ndipo ninapomwomba msomaji aache kubana matumizi kabisa. Jerikeni kuukuu ya lita 20 iliyobeba mafuta ya kupikia, ikioshwa, inafaa kuwekea maji baridi. Ile iliyobeba dawa ya kunyunyizia mashamba au kemikali ya kiwandani haifai kwa maji, maziwa wala pombe, hata ukiiosha kwa maji ya moto na majivu wiki nzima, kwa sababu plastiki imekwisha kufyonza dawa na itaitoa polepole. Sokoni zote mbili zinasimama pamoja, za rangi moja, kwa bei moja. Igeuze uangalie kitako na ubavuni. Ukiona herufi UN zikifuatwa na 3H1, hiyo ilitengenezwa kwa kiwango cha kusafirishia vitu vya hatari. Kwa mapipa, alama zake ni 1H1 na 1H2. Irudishe. Fungua kifuniko unuse. Harufu kali ni sababu tosha ya kuondoka, lakini kukosa harufu si cheti. Mpya inagharimu zaidi siku ya kununua na hudumu miaka. Kwa maziwa, Uganda imezuia kuyasafirisha kwa jerikeni za plastiki, hivyo anayeuza kwa wakusanyaji aanze kuweka akiba ya kopo la alumini mapema.

Na chupa za maji zilizokaa juani kwenye malori yaliyopanga foleni Malaba? Wapo wanaozimwaga kwa hofu ya antimoni, madini yanayotumika kutengeneza plastiki hiyo. Watafiti wa Arizona, jimbo lenye joto kali, waliyapima mwaka 2008. Kwenye nyuzi 60 ilichukua siku 176 maji kufikia kikomo cha Marekani. Kwenye nyuzi 80 zilitosha siku mbili na robo hivi. Kwa hiyo chupa iliyopata joto mchana mmoja isikutie hofu. Chupa hiyohiyo ukiijaza chai iliyochemka kila asubuhi kumpelekea mtu kazini, hapo ndipo unapoitesa. Nunua chupa ya chai ya chuma, au anunue chai karibu na anakofanyia kazi.

Sasa vipimo vyenyewe. Kuna anayesaga karanga Tororo au kutengeneza achari Busia, anataka kuingia supamaketi za Kisumu au Eldoret, na ameambiwa apeleke kopo lake likapimwe. Asikimbilie kulipa. Kwanza ajue maabara inafanya nini.

Utaratibu unaofuatwa sana ni wa Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011. Maabara haitii karanga zako kwenye kopo. Inatumia vimiminika vinavyosimama badala ya chakula: maji yenye asilimia 3 ya asidi ya siki kwa vyakula vichachu, maji yenye alkoholi kwa vyakula vya majimaji na vileo, na mafuta ya mimea kwa vyakula vya mafuta. Kipande cha plastiki hukaa humo kwa joto na muda uliopangwa. Siku 10 kwenye nyuzi 40 husimama badala ya kuhifadhi muda mrefu bila friji. Saa 2 kwenye nyuzi 70 husimama badala ya kujazwa kikiwa moto. Yapo majaribio ya nyuzi 100 na hata 175. Mwishoni hupimwa uzito wa kilichohama, na jumla isizidi miligramu 10 kwa kila eneo la sentimita 10 kwa 10. Hicho ni kipimo cha jumla. Kutafuta kemikali moja kwa jina lake, kama bisfenoli au stairini, ni kipimo kingine chenye bei yake.

Ukielewa hayo, unajua mahali pesa inapopotea. Maabara ikikutajia bei, uliza kama ni kwa sampuli au kwa kila kimiminika. Makopo ya aina 2 kwa vimiminika 3 ni malipo 6. Uliza kama kodi ya ongezeko la thamani imo: ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda, na wengi hutaja bei bila hiyo. Uliza wanahitaji vipande vingapi, maana kipimo kimoja hurudiwa mara tatu kwa uchache. Ongeza nauli. Kutoka Tororo hadi makao ya shirika la viwango la UNBS huko Bweyogerere ni karibu kilomita 200, na kutoka Busia hadi lile la Kenya, KEBS, huko Nairobi ni zaidi ya 400. Ongeza siku 10 za jaribio na za kusubiri foleni, wakati oda yako inapoa. Na uliza jambo ambalo wengi husahau: nikibadilisha rangi ya kifuniko au muuzaji wa makopo, cheti bado ni changu? Kwa kawaida si chako tena.

Kwa hiyo mtengenezaji mdogo aanze upande mwingine. Mwambie anayekuuzia makopo akupe cheti cha kiwanda chake. Kiwanda kinachouza makopo ya chakula kinapaswa kuwa nacho, na nakala haina gharama. Kisha kisome bila haraka. Jina na rangi ya kopo viwe vya kopo ulilolishika. Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025. Kimiminika kilichotumika kiwe cha chakula chako: cheti cha maji matupu hakimsaidii muuza siagi ya karanga, anayehitaji kuona mafuta ya mimea. Joto liwe la matumizi yako: kama unajaza achari inayochemka, uliza kwanza kama cheti cha nyuzi 40 kinafunika hilo. Nimeona ni rahisi kumtambua muuzaji mzuri kwa swali hili moja, kwa sababu anayejua bidhaa yake anajibu bila kukasirika. Asipokuwa na cheti, nenda kwa mwingine kabla ya kufikiria kulipia kipimo mwenyewe. Kipimo cha kutoka mfukoni mwako kilipie tu pale mnunuzi mkubwa amekitaka kwa maandishi, na umuulize yeye ni kimiminika gani na joto gani anataka, ili usilipe mara mbili.

Siagi ya karanga ikitoka kinuni ni ya moto, na kopo la namba 1 hulegea kwenye nyuzi 70 na kitu. Iache ipoe kwenye sufuria ya chuma kabla ya kupakia. Hilo halikugharimu hata senti, na linapunguza uhamaji kuliko kubadilisha kopo. Kioo ni bora kwa kemikali, ila ni kizito na barabara hazikihurumii. Tuseme kopo la kioo ni shilingi 35 na la plastiki 18. Hiyo 17 ya ziada ina maana kama mteja anarudisha kopo, kwa hiyo mtoze amana ya 20 na uirudishe. Asiporudisha, umelipwa. Kumbuka pia kwamba hata kioo kina plastiki, nayo ni ule utepe laini ndani ya kifuniko. Mafuta ya karanga yakiugusa huvuta vilainishi vyake, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita moja juu na usilaze makopo kwenye boksi.

Alama ya ubora ya KEBS au ya UNBS kwenye bidhaa iliyofungwa ina faida kubwa mpakani, kwa kuwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuliane alama zao, na anayevuka nayo hapaswi kupimiwa upya kila safari. Kwa mnunuzi wa upande wa Kenya, namba ya kibali inahakikiwa kwa ujumbe mfupi: andika SM#, ifuatwe na namba iliyo chini ya alama, utume kwenda 20023. Usisahau kwamba alama hiyo inazungumzia bidhaa kwa jumla. Mtu akiimaliza karanga na kukuuzia kopo tupu lenye alama ili utie pilipili ya moto, alama haikufuati.

Pombe ya malwa, au ajono kama Wateso wa Tororo wanavyoiita, sioni watu wakiizungumzia, na ndiyo inayokusanya matatu kati ya yale mambo manne ya mwanzo, na alkoholi juu yake. Ni ya uchachu, ina alkoholi, inaongezwa maji ya moto tena na tena, na wanywaji hukaa nayo jioni nzima. Kwenye chungu cha udongo na mirija ya asili hakuna la kusema. Siku hizi chungu kimekuwa ndoo ya plastiki mahali pengi, na mrija umekuwa mpira laini unaokatwa dukani kwa mita. Mpira laini wa pivisi hulainishwa kwa kemikali zinazotoka kwa urahisi mbele ya alkoholi na joto. Mwenye kilabu akitaka kutumia pesa mahali pamoja tu, anunue chungu, maana kimoja kinahudumia meza nzima kwa miaka. Mnywaji anunue mrija wake wa asili, aende nao na kurudi nao. Maji ya moto yaletwe kwa birika au chupa ya chai ya chuma, yasiletwe kwa jerikeni.

Kama unavuka kesho asubuhi kutoka Busia ya Uganda na mzigo wa sokoni, hamishia vitu kwenye kikapu au gunia ukiwa bado upande wa Uganda, kabla ya kufika kituo cha pamoja cha mpakani. Kikapu cha makuti au cha nyuzi unakinunua mara moja, na kaveera iliyosahaulika chini ya nyanya inahesabiwa sawa na ile iliyo mkononi.